Jiandikishe Ukiwa Mzima: Vidokezo 11 vya Huduma za Afya na Ustawi kwa Familia za Thika na Ruiru

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Miaka kumi baadaye walikuwa 490,120, na Ruiru ikawa imeipita Thika, yenye watu 251,407, kwa karibu mara mbili. Wengi wao ni wapangaji. Wametoka Murang'a, Kitui, Kisii, Busia, wakafuata kazi za viwandani, za mjengo na biashara za kando ya barabara kuu. Kura wanapiga kwao, chifu wa hapa hawamjui, na mtoto akishikwa na homa wanakimbilia duka la dawa kwa sababu hawana hakika kama zahanati ya serikali ni yao pia.

Ni yao. Huduma za serikali hapa ni nyingi kuliko tunavyodhani: matibabu, chanjo, pesa za wazee, msaada wa walemavu, ulinzi wa watoto. Kinachowakosesha watu wengi ni kwamba karibu kila huduma inataka jina lako liwe limeandikwa mahali kabla hujaihitaji. Tuanzie hapo.

1. Jiandikishe SHA, na usisahau watoto

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ile kadi ya zamani iliyo kwenye pochi haina kazi tena. Kujiandikisha ni bure na hakuhitaji foleni: piga *147# kwa simu yoyote, hata kabambe, ufuate maelekezo ukiwa na kitambulisho mkononi. Ukishindwa, nenda Huduma Centre ya Thika au uulize kwenye hospitali ya umma iliyo karibu nawe.

Sasa pahali watu hukwama. Baba anajiandikisha, anapata ujumbe wa kumkaribisha, anafunga simu. Mkewe na watoto hawamo. Usiku mtoto akilazwa ndipo inagunduliwa kwamba mwenye bima ni baba peke yake. Ukimaliza kujiandikisha, rudi kwenye menyu uongeze wategemezi mmoja mmoja, kisha uangalie tena kama majina yao yanaonekana. Usiamini mpaka uone.

2. Kujiandikisha ni kitu kimoja, kulipa ni kingine

Hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi kwenye madirisha ya hospitali, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Aliyejiandikisha tu, hata kama hajalipa shilingi, anastahili kutibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani vituo vya kiwango cha 2 na cha 3. Gharama hiyo inatoka kwenye Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao unatokana na kodi zetu. Lakini kulazwa hospitalini, kufanyiwa upasuaji au kujifungua kunalipiwa na mfuko wa bima, na huo unamtambua aliyelipa mchango.

Kwa aliyeajiriwa mchango ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Mshahara wa shilingi 20,000 unakatwa shilingi 550. Mwajiri anatakiwa awe amezipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukiwa kibarua kiwandani au kwenye shamba la kahawa na karatasi yako ya mshahara inaonyesha makato, piga *147# uangalie kama yamefika. Kukatwa si ushahidi kwamba yamepelekwa, na utakayebaki mlangoni mwa wodi ni wewe.

Kwa mama mboga, mwendesha boda na fundi, SHA hukuuliza maswali kuhusu maisha yako: nyumba imejengwa kwa nini, choo ni cha aina gani, mnatumia taa gani. Majibu ndiyo yanayokadiria kipato chako. Hapa mpangaji wa Ruiru awe makini. Chumba kimoja cha mawe katika ghorofa ya Kihunguro kinaweza kumfanya mtu aonekane tajiri kuliko mwenye nyumba ya mabati kijijini ambaye ana ng'ombe watatu. Jibu kwa ukweli, na ukiona kiasi ulichopangiwa kimekuzidi, usinyamaze. Nenda ofisini uombe kikaguliwe.

Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 3,600 au zaidi. Kwa maoni yangu huu ni mzigo usiomfaa mtu anayepata pesa yake siku kwa siku, na serikali ilitambua hivyo ilipoleta mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole. Ukiogopa mkopo, tumia chama chako. Wanachama kumi na wawili wanaochanga shilingi 300 kila mmoja kila mwezi hupata 3,600 mwezi huo huo, ya kutosha kumlipia mwenzao mmoja mwaka mzima. Anzeni na aliye mjamzito na aliye na mgonjwa wa sukari nyumbani.

3. Usitoke wodini bila karatasi ya kuzaliwa

Mtoto akizaliwa hospitalini, hakikisha taarifa ya kuzaliwa imejazwa, na jina umelitamka polepole likaandikwa sawa. Akizaliwa nyumbani, taarifa hiyo hujazwa na naibu wa chifu wa mahali alipozaliwa. Sheria inataka uzazi uandikishwe ndani ya miezi 6. Ukipitisha muda huo unaingia kwenye uandikishaji wa kuchelewa, na huo una maswali mengi zaidi. Bila cheti mtoto haingii kwa urahisi kwenye SHA, wala kwenye orodha ya shule, wala baadaye kwenye kitambulisho.

4. Zahanati kwanza, hospitali kubwa baadaye

Foleni ya Thika Level 5 inakusanya watu wa Kiambu, Murang'a na hata Machakos. Ukienda pale na kikohozi cha siku mbili utashinda benchi, na utamchelewesha mama aliyeletwa na machela. Kikohozi, kuhara, kipimo cha sukari, kidonda, kliniki ya wajawazito na chanjo ni kazi za zahanati na kituo cha afya, na huko ndiko matibabu ni bure kwa aliyejiandikisha. Wa Kiandutu wana kituo chao pale pale. Wa Ruiru wakizidiwa kuna Ruiru Level 4. Ugonjwa ukiwa mkubwa zaidi, kama saratani, utaandikiwa rufaa, na kwa wengi wetu hiyo ni safari fupi hadi hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofungua milango kwa umma 2019. Barua ya rufaa usiiache nyumbani.

Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hutolewa bure katika vituo vya umma. Kikohozi kikipita wiki mbili, omba upimwe makohozi, usingoje mtu akuambie.

Na uwe na mpango wa pili. Madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma kuanzia mwishoni mwa Mei 2025 hadi Oktoba, na familia nyingi zilizunguka na wagonjwa zikitafuta pa kwenda. Jua mapema hospitali ya misheni iliyo karibu nawe, kwa mfano St. Matia Mulumba mjini Thika, na uulize siku ya amani ni huduma zipi hapo zinazolipiwa na SHA.

5. Mkaribishe mhudumu wa afya ya jamii

Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wa vifaa: mashine ya presha, ya sukari, kipima joto, mizani. Wanapita nyumba kwa nyumba. Katika maghorofa yenye geti la chuma na mlinzi, mara nyingi huzuiwa pale chini na kuondoka. Mwambie mlinzi amruhusu.

Tazama anachomfanyia mtoto. Anatoa utepe mwembamba, anauzungusha katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, anaukaza bila kubana, kisha anasoma rangi dirishani. Kijani ni heri. Njano, yaani kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5, ni onyo kwamba mtoto anapungukiwa. Nyekundu, chini ya 11.5, maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kipimo chote hakimalizi dakika moja. Nimeona utepe ukiingia kwenye njano kwa mtoto mwenye mashavu yaliyojaa ambaye hakuna jirani aliyemdhania. Mama wengi mijini huacha mtoto na yaya au kwenye deikea kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na hawajui amekula nini mpaka usiku. Hawana kosa kwa hilo. Utepe huo unawaambia wasichoweza kukiona.

Humjui mhudumu wa mtaa wako? Uliza kwenye zahanati. Wana orodha yao.

6. Mjamzito alipe kabla ya mwezi wa tisa

Tangu 1 Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulikuwa bure, na baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama. Bado kuna akina mama wanaokwenda wakiutegemea. Mambo yamebadilika: kujifungua sasa kunalipiwa na bima ya SHA, na ni kwa aliyelipa mchango wake. SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa hiyo ukijua una mimba, anza kutafuta ule mchango wa mwaka mara moja.

Kliniki anza mapema, kabla ya miezi mitatu kuisha. Kile kijitabu cha mama na mtoto utakachopewa kitunze pamoja na vyeti vyako, maana ndicho kitakachoongoza chanjo: ya kuzaliwa, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Kuna ya pili ya surua na rubela miezi 18, na bila hiyo kinga ya mtoto haijakamilika. Vitamini A hutolewa kila miezi sita kuanzia mwezi wa sita hadi afikishe miaka mitano. Binti yako akitimiza miaka 10, mpeleke achanjwe dhidi ya virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ipo nchini tangu Oktoba 2019. Zote ni bure, na huulizwi umezaliwa kaunti gani.

7. Shosho amehamia kwako? Hamisha na taarifa zake

Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini zina fungu lao, na wenye ulemavu mkubwa wana lao, kwa kiasi hicho hicho. Pesa mara nyingi huja za miezi miwili pamoja.

Tatizo la miji yetu liko hapa. Shosho aliandikishwa Gatanga au Mwala, akapata shida ya miguu, bintiye akamleta Ruiru. Ikitangazwa shughuli ya kuhakiki wanaolipwa, yeye hayupo kijijini, na asiyeonekana huweza kuondolewa kwenye orodha akidhaniwa amefariki au hapatikani. Mkimhamisha mzee, nendeni naye, au na kitambulisho chake, kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo mliyohamia. Waelezeni anaishi wapi sasa na nani anamtunza. Fanyeni hivyo hata kama pesa bado zinaingia.

Ambaye hajaandikishwa hawezi kuingia siku yoyote anayotaka. Majina huchukuliwa kwa awamu, na matangazo hupitia kwa chifu. Ndiyo maana mpangaji naye ahudhurie baraza la chifu, au angalau amfahamu mzee wa mtaa. Na asikubali mtu yeyote amdai hongo ili kumwingiza mzee kwenye orodha. Kuandikishwa hakuna malipo.

8. Ulemavu uandikishwe, usifichwe

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa kadi baada ya mtu kukaguliwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Kadi hiyo ndiyo mlango wa msaada wa vifaa kama viti vya magurudumu, na kwa aliye kazini ndiyo msingi wa kuomba KRA imwondolee kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Huo ni msamaha mkubwa, na bado wafanyakazi wengi wa viwandani hawajawahi kuuomba.

Kwa mtoto, usingoje afike miaka saba ukidhani ni mvivu wa kuongea. Omba apimwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984, na barua yao ndiyo hutumika kumwelekeza mtoto kwenye shule inayomfaa. Thika ina bahati ambayo miji mingi haina: shule ya wasioona ya Jeshi la Wokovu iliyoanza 1946, na Joytown kwa wenye ulemavu wa viungo. Kuna wazazi wanaosafiri kutoka mbali kuleta watoto huku. Wewe uko umbali wa matatu moja.

9. Bili ikipanda, mtafute afisa wa ustawi mapema

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ajali ikitokea barabara kuu ya Thika, hospitali iliyo karibu, iwe ya umma au ya binafsi, inapaswa kumhudumia majeruhi kwanza na kuuliza ya pesa baadaye. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili Pumwani kwa sababu ya bili kulikuwa kinyume cha haki zao.

Hata hivyo deni halifutiki lenyewe. Kila hospitali kubwa ya umma ina afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kusikiliza asiyeweza kulipa na kupendekeza apunguziwe au asamehewe. Watu humwendea siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafungwa. Mwendee siku ya pili ya kulazwa, ukiwa na barua ya chifu kama unaweza kuipata.

10. Kukiwa na ukatili nyumbani, saa zinahesabika

Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Aende hospitalini kwanza hata kama bado hajaripoti polisi. Fomu ya P3 haiuzwi. Nambari ya kuomba msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia ni 1195, usiku na mchana, bure.

Kwa mtoto anayepigwa, kunyimwa chakula au kufanyishwa kazi, piga 116. Unayepiga unaweza kuwa jirani tu. Huhitaji kuwa ndugu. Baba anayekwepa matunzo naye hashughulikiwi na polisi pekee. Nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo na cheti cha mtoto, na wao watamwita mkae mezani kabla ya kufikishana mahakamani.

11. Pombe na msongo ni ugonjwa, na vina pa kutibiwa

Kiambu imezika vijana wengi kwa sababu ya pombe, na familia bado zinawaficha walio hai. NACADA wana nambari ya bure, 1192, ambako mtu husikilizwa na kuelekezwa. Hospitali ya Mathari, iliyopo tangu 1910, iko kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika mnayopita kila asubuhi kwenda Nairobi. Na kama kuna kijana nyumbani aliyejaribu kujiua, msiogope kumpeleka hospitalini mkidhani atashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha sheria kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai.

Ukifika ofisi yoyote kati ya hizi, soma kwanza ubao ulio ukutani unaoorodhesha huduma, muda wake na malipo yake. Ukiambiwa "rudi kesho" mara ya pili, uliza kwa upole jina la afisa, uandike pamoja na tarehe na sababu uliyopewa. Malalamiko kuhusu ofisi za umma hupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, CAJ, na cha kwanza watakachotaka kujua ni nani alikuhudumia, lini, na alikujibu nini.